Nani ana neno la kufungua ngitili?

Ukipita Shinyanga mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, utakutana na jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa haraka. Njia ya ng'ombe imekatiza kwenye uwanda wa vumbi tupu, majani yameliwa mpaka mizizini, mifugo imekonda na mbavu zinahesabika. Halafu upande mmoja wa njia hiyo nyasi zimesimama mpaka kiunoni, zimekauka na kuwa rangi ya mabua, na juu yake migunga imetanda vivuli. Hakuna uzio. Hakuna seng'enge, wala hata kamba. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaswaga ng'ombe wenye njaa pembeni mwa nyasi hizo, na kazi yake kubwa asubuhi hiyo ni kuhakikisha hakuna hata mmoja anayeingiza mdomo.

Kinachomzuia mtoto yule ni kujua nani atakuja kwa baba yake jioni.

Hiyo ndiyo ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi. Nimeanza nayo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kurejesha misitu huanzia pengine kabisa. Huanzia kwenye mche. Kila mwaka tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, tunachimba mashimo, mgeni rasmi anashika jembe, picha zinapigwa, kibao chenye jina lake kinasimikwa. Rudi mwaka unaofuata: mara nyingi kibao kipo na mti haupo. Sisemi watu waache kupanda. Ila hesabu ya misitu ya vijijini haianzi na idadi ya miche. Inaanza na swali la nani anaruhusiwa kusema "hapa pamefungwa", nani anaruhusiwa kusema "sasa fungueni", na anayesubiri katikati anapata nini.

Na si swali dogo. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina misitu ya kama hekta milioni 48.1, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Haiko ndani ya hifadhi za taifa wala chini ya bunduki ya askari. Iko pale pale ambapo watu wanatafuta kuni, wanachunga, wanakata fito za nyumba na wanalima mahindi.

Kilichoiondoa miti Shinyanga

Wasukuma walikuwa na ngitili zamani kabla ya mradi wowote. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, familia inafunga sehemu ya malisho yake. Ng'ombe wanakula kwingine wakati majani yapo kila mahali. Nyasi za pale palipofungwa zinakua, zinatoa mbegu, zinakaukia zikiwa zimesimama. Kuanzia Julai au Agosti, kwingine kukishakuwa kweupe, sehemu inafunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wa maziwa, kwa wagonjwa na kwa maksai ambao watahitajika kuvuta jembe mvua ikigusa ardhi. Ni ghala la chakula cha mifugo lisilo na paa.

Zingatia kwamba katika maelezo hayo sijataja mti. Ngitili haikubuniwa kwa ajili ya msitu. Ilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe, na miti ikanufaika kwa sababu ng'ombe na mbuzi hawakuwepo kung'ata machipukizi wakati wa mvua, na kwa sababu mwenye nyasi hakubali moto uingie kwenye chakula cha mifugo yake.

Halafu mambo yakaharibika, na hayakuharibiwa na ujinga wa wanakijiji, kama tulivyofundishwa shuleni. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona vichaka vya Shinyanga kama nyumba ya mbung'o, nzi wanaoeneza malale. Idara ya utafiti wa mbung'o ikaweka makao yake huko huko, na kuanzia miaka ya 1920 watu wakakusanywa kwa amri kufyeka na kuchoma mapori. Kwa mbung'o ilisaidia, kwa miti ilikuwa maangamizi. Likaja zao la pamba, ambalo linataka mashamba mapana na meupe. Ng'ombe wakaongezeka kwenye ardhi inayopungua. Mvua za huko ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na ardhi ya namna hiyo haisamehe upesi.

Pigo la mwisho lilikuwa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja kando ya barabara. Lengo lilikuwa shule, maji na zahanati, na lengo lile halikuwa baya. Lakini ngitili ya mzee ikabaki kilomita kadhaa kutoka alikohamishiwa. Hawezi kuiona akiamka. Hajui nani ameingiza mifugo. Na ardhi ile sasa ni ya nani hasa: yake, ya kijiji kipya, au ya serikali? Kitu kisichojulikana ni cha nani hufunguliwa na wote. Ngitili zikaliwa zikaisha.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga, na alichokiona kilimfanya mkoa ule aufananishe na jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI na jina likaganda. Norway ilisaidia fedha, na baadaye wataalamu wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakaingia.

Kwa miaka ya mwanzo HASHI ilifanya kile ambacho kila mradi hufanya: vitalu, miche, mingi ya kigeni, na maelekezo kutoka juu. Watu walipokea miche kwa adabu. Mabadiliko yalikuja maofisa walipoanza kuwauliza wazee ni namna gani wao walikuwa wanatunza miti, na wazee wakajibu kwa neno ambalo halikuwa na mti ndani yake. Ngitili. Mradi ukageuka, ukaacha kulea miche yake na kuanza kusaidia watu kufunga malisho yao wenyewe.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki na kujulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Ilipofika mwaka 2003 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia Maswa, Meatu na Bariadi zilizoko Simiyu leo. Sensa ya vijiji 172 ilihesabu ngitili 18,607. Kati ya hizo, 284 tu zilikuwa za jumuiya. Nyingine zote zilikuwa za kaya. Tutarudi kwenye namba hizo mbili, maana zina mengi ya kusema.

Msitu ulio chini ya ardhi

Hekta laki tatu kwa miaka kumi na saba, bila kupanda miche kwa kiasi hicho? Hapa ndipo wengi husita, na jibu liko kwenye visiki.

Mti wa nyika ukikatwa haufi. Mgunga, mpingo, mlama, mkwaju, miti mingi ya maeneo makavu huwa na mizizi iliyokwenda chini sana kutafuta maji, na mizizi hiyo hubaki hai miaka mingi baada ya shina kuondoka. Kila mvua inaponyesha kisiki hutoa machipukizi. Kila kiangazi mbuzi huyala, au jembe huyapitia, au moto huyachoma. Unachokiona ni kichaka cha kufika gotini, na unakiita kichaka. Kumbe ni mti mkubwa uliozuiliwa kusimama kwa miaka ishirini.

Dodoma wakulima wana jina zuri kwa jambo hili: kisiki hai. Shirika la LEAD Foundation limelieneza kijiji kwa kijiji, na kazi yenyewe haihitaji chochote zaidi ya panga au kisu kizuri. Unachagua kisiki. Unayatazama machipukizi yake, ambayo yanaweza kufika ishirini au thelathini, yanasongana kama watoto kwenye sinia moja. Unaacha matatu hadi matano yaliyonyooka na kunenepa, mengine unayakata karibu kabisa na kisiki. Hayo uliyoyaacha unayapogoa matawi ya chini, usipite nusu ya urefu wake. Kisha unafunga kitambaa cha rangi inayoonekana kwa mbali, ili anayetafuta fimbo au kuni ajue kuwa mti huu una mtu. Matawi uliyokata yanabaki kama kuni za wiki hiyo. Umemaliza kwa robo saa.

Mche wa kitaluni uliopandwa Dodoma unaingia kiangazi cha kwanza ukiwa na mizizi ya urefu wa kiganja. Chipukizi la kisiki hai linaingia kiangazi hicho hicho likinywa kupitia mizizi ya mzazi wake. Haya si mashindano ya haki.

Mtu ambaye jina lake limeambatana zaidi na njia hii ni Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi Niger mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alipanda miche kwa miaka, ikafa, mpaka siku moja alipokitazama vizuri kichaka kando ya barabara na kutambua kuwa ni mti uliokatwa. Leo kusini mwa Niger zaidi ya hekta milioni tano zimerudiwa na miti kwa namna hiyo. Sehemu ya kisa hicho ambayo husimuliwa kwa sauti ndogo ni kwamba huko Niger mti uliokuwa shambani kwa mkulima ulihesabiwa kuwa mali ya serikali. Mkulima aliyeukuza alikuwa anamkuzia ofisa wa misitu sababu ya kumtoza faini, kwa hiyo akili ya kawaida ilimwambia aung'oe ungali mdogo. Watu walipoanza kuamini kuwa mti wa shambani kwao ni wao, ndipo visu vya kupogolea vikapata kazi.

Kwa hiyo elimu ya kisiki ni rahisi, unaifundisha asubuhi na ikaeleweka mchana. Ugumu unaanza na mbuzi wa jirani.

Sungusungu, mtendaji na karatasi

Ngitili ya Shinyanga ililindwa na nini, ikiwa haina uzio? Ililindwa na sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, pamoja na dagashida, mkutano wa kimila ambako makosa husikilizwa. Ukiingiza mifugo kwenye ngitili ya watu huitwi kituo cha polisi. Unaitwa mbele ya majirani, unatozwa faini, na ukikaidi unatengwa. Kutengwa ni adhabu nzito kuliko inavyosikika: hakuna wa kukuchotea maji ukiugua, hakuna wa kukuzikia.

Mambo haya yana upande wake wa giza, na nisiufiche. Sungusungu wamewahi kupiga watu, na mahali pengine wamewahi kugeuka kuwa mkono wa wenye nguvu kijijini. Ndiyo maana haki ya kufunga na kufungua haiwezi kukaa kwenye mila peke yake, hasa siku mwekezaji mwenye hati kutoka mjini atakapokuja na kuuliza, "Hii ngitili yenu imeandikwa wapi?"

Tanzania ilitunga majibu ya swali hilo, na kwenye karatasi ni majibu mazuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na inaruhusu kaya kupata hatimiliki ya kimila. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi. Njia ni hii: mkutano mkuu wa kijiji unakubali, kamati ya maliasili inachaguliwa, mipaka inatembelewa kwa miguu pamoja na vijiji jirani (hapa ndipo ugomvi wa miaka hulipuka, na ni heri ulipuke hapo), mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapitishwa kijijini na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Baada ya hapo ushuru, faini na mapato ya mazao ya msitu ule ni ya kijiji.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo una gharama. Kuna msitu wa hifadhi wa kijiji, ambao upo kwenye ardhi ya kijiji na kijiji ndicho mwenye mali. Na kuna usimamizi wa pamoja, ambapo msitu ni wa serikali na wanakijiji wanasaidia kuulinda kwa makubaliano ya mgawo. Vyote viwili huingizwa kwenye kapu moja la "usimamizi shirikishi". Lakini kwa mwanakijiji anayeamka saa tisa usiku kwenda doria, tofauti ni kama ile ya mwenye duka na mlinzi wa duka. Ukialikwa kwenye mkutano na ukasikia neno shirikishi, uliza kwanza msitu ni wa nani.

Kisa kilichofungua mlango huu kilitokea Babati, kwenye misitu ya miombo ya Duru-Haitemba, mkoani Manyara kwa sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuifanya hifadhi yake. Wapima walipoanza kuweka mipaka, watu waliona mlango unafungwa na wakawahi: kukata, kulima, kuchunga, kuchukua kila walichoweza kabla hakijawa cha serikali. Msitu ukaharibika kwa kasi kwa sababu ya mpango wa kuuhifadhi. Mwaka 1994 mambo yakageuzwa. Vijiji vikaambiwa kila kimoja kichukue sehemu yake, kipange, kilinde. Watu wale wale waliokuwa wanakata wakateua walinzi na kupitisha sheria ndogo. Wavamizi waliondolewa na majirani zao. Hakuna mtu aliyekuwa amepelekwa semina ya kupenda mazingira hapo katikati.

Mtu anaishije wakati anasubiri?

Kufunga ni kusubiri, na kusubiri kuna bei. Maskini halipi bei hiyo kwa sababu ameelezwa faida za oksijeni.

Ngitili ilishinda jaribio hili kwa sababu malipo yake huja haraka. Mwaka wa kwanza kuna nyasi: za ng'ombe, za kuezekea, na za kumuuzia jirani asiye na akiba. Mwaka wa pili na wa tatu kuna kuni karibu na nyumbani, na mwanamke aliyekuwa anaondoka alfajiri na kurudi jua la utosi anapata nusu siku yake. Fito na nguzo zinafuata. Uyoga, matunda pori, mboga za majani, dawa na asali huja bila kupandwa. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa vitu vyote hivyo vikithaminiwa kwa fedha vinafika kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.50. Watafiti walihesabu pia aina 152 za mimea ya miti na vichaka na aina 145 za ndege kwenye ngitili zilizorudi.

Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya dola zile 14 si noti. Ni kuni usizonunua na ng'ombe asiyekufa. Ofisa wa fedha haoni kitu. Mama wa nyumba anaona kila kitu.

Msitu mkubwa wa kijiji unahitaji mapato ya aina nyingine, na hapo Kilosa, mkoani Morogoro, wamejaribu kitu ambacho kilinishangaza nilipokisoma kwa mara ya kwanza: kuulinda msitu kwa mkaa. Kuanzia mwaka 2012, mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, yalisaidia vijiji kutenga sehemu ya misitu yao ya miombo kwa ajili ya mkaa. Eneo hilo linagawanywa kwenye vipande vya mraba vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti. Unakata kipande kimoja, unaacha majirani zake. Hung'oi kisiki, hulimi palipokatwa, huchomi moto. Kipande ulichokikata leo utakirudia baada ya miaka 24, miti yake ikiwa imechipua na kukomaa. Mchoma mkaa analipa kijiji ushuru kwa kila gunia, anapewa stakabadhi, na fedha ile inazungumzwa kwenye mkutano mkuu. Vijiji vikajenga madarasa na kulipia doria za msitu mzima, ikiwemo sehemu kubwa ambayo haikatwi kabisa.

Wapo wanaochukia wazo hili, na nawaelewa. Mkaa una jina baya. Lakini mtu anayesema mkaa ni adui mkuu wa miombo aende akaangalie palipokatwa mkaa na palipofunguliwa shamba la ufuta au mahindi, miaka kumi baadaye. Pa kwanza pana visiki vinavyochipua. Pa pili mizizi yenyewe imeng'olewa.

Kilosa pia ilionyesha udhaifu wa mpango wowote unaosimama kwenye haki ambayo mwingine anaweza kuibana. Mwaka 2019 zilitoka kanuni mpya za uvunaji wa mazao ya misitu, zikarefusha njia ya vibali na kubadili bei, na biashara ya mkaa wa vijiji ikayumba. Doria hulipwa na ushuru. Ushuru ukipungua, mwenye pikipiki na msumeno wa mnyororo hahitaji barua ya kumjulisha.

Kuhusu mizinga ya nyuki nitasema machache. Asali ni nzuri na nyuki wanataka msitu uliosimama. Lakini kila mradi uliokosa wazo huleta mizinga, unaigawa ishirini kwa kikundi cha watu arobaini, na kuita "kipato mbadala". Mbadala wa nini? Anayekata miti kijijini mara nyingi si yule aliyepewa mzinga. Na hata akiwa yeye, asali ikimpa fedha ataongeza fedha hiyo juu ya ile ya mkaa. Nyuki hulinda msitu pale ambapo mwenye mizinga ana haki ya kumfukuza anayekuja na shoka chini ya mti ulioning'inia mzinga wake.

Halafu kuna hewa ukaa, ambayo sasa kila kijiji kimeisikia. Kwa ufupi: anayechafua hewa mbali analipia tani za kaboni ambazo msitu wako umezishika na ambazo zisingeshikwa kama usingeulinda. Neno zito hapo ni "kama". Msitu ambao haukuwa hatarini hauuzi kitu. Unauzwa ule ambao ungetoweka. Mfano ninaoupenda uko pwani, kijijini Gazi, Kwale, nchini Kenya. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kwa hekta 117 tu za mikoko, na huuza kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zake hazitajirishi mtu. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na watu wa Gazi na kijiji jirani cha Makongeni ndio wanaopanga zifanye nini. Wakapanda pia mivinje nje ya mikoko, kwa sababu nyumba za pwani zinataka boriti na boriti lazima zitoke mahali.

Namba mbili nilizoahidi

Turudi kwenye zile ngitili 18,607, ambazo 284 tu zilikuwa za jumuiya. Tunapenda kuusimulia ufanisi wa Shinyanga kama hadithi ya umoja. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo, kwa sababu bila majirani kukubaliana hakuna ngitili inayodumu. Lakini karibu zote zilikuwa za kaya, na kaya hazilingani. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana ndiye anayeweza kufunga hekta kumi na kula kwingine. Asiye na ardhi anategemea malisho ya wote, na kila anayefunga chake anapunguza eneo la wote. Kwa mwenye mbuzi wanne na nyumba moja, kurudi kwa msitu kunaweza kuwa na sura ya milango inayofungwa mmoja baada ya mwingine. Ngitili za vijiji, za shule na za vikundi zilikuwa na maana kubwa kuliko idadi yake, kwa kuwa huko ndiko asiye na kitu alikuwa na mahali pa kuomba kuni.

Ardhi yenyewe, mara nyingi, iliandikwa au kutambuliwa kwa jina la baba. Mke ana haki ya kuokota kuni, hana haki ya kukataa pori lisikodishwe.

Na ng'ombe je? Nyasi zikifungwa, ng'ombe hawapungui kwa sababu hiyo. Familia nyingi za wafugaji wa Kisukuma zimehamia kusini na magharibi na mifugo yao miongo hii, Usangu, Rukwa, Katavi, bonde la Kilombero, na huko zimekutana na wakulima, na hifadhi, na operesheni za kuwaondoa. Siwezi kusema ngitili iliwasukuma. Ukame, mashamba na wingi wa watu vilitosha. Lakini anayepiga picha ya Shinyanga iliyorudi kijani anapaswa kuipanua picha hiyo mpaka Ihefu, kinamasi cha Usangu.

Ukigawa hekta 78,122 zilizopimwa kwenye vijiji 172 kwa idadi ya ngitili zake, unapata wastani wa hekta nne na kidogo kwa kila moja. Mzee aliyeifunga yake mwaka 1988 sasa ni mzee kweli, au ameshazikwa. Ana watoto watano. Mila inasema wagawane, na mdogo wao anayeishi Kahama mjini anataka sehemu yake iuzwe, kwa kuwa bei ya kiwanja karibu na barabara imepanda. Kipande kisichofika hekta moja hakilishi hata maksai wawili mpaka mvua zianze. Wakikubaliana kuiacha nzima, lazima mmoja wao awe na neno la kusema lini ifunguliwe, na kaka mkubwa tayari amekwisha ingiza ng'ombe wake mwezi wa Juni.